Uzamili kwanza au CPA kwanza? Kisa cha mhasibu wa kiwanda cha sangara Mwanza

Mhusika wa kisa hiki ana umri wa miaka 29. Ana shahada ya kwanza ya uhasibu, na kwa miaka minne amekuwa afisa hesabu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Jina lake silitaji, wala la kiwanda. Mawakala wanaoleta samaki humwita "dada wa hesabu", nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na tulifahamiana nilipokwenda kwao na timu ya wakaguzi wa nje kuhesabu stoo ya mwisho wa mwaka. Ukishahesabu maboksi ya minofu na mtu ndani ya chumba cha baridi mpaka vidole vikafa ganzi, mnakuwa ndugu.

Alinipigia mwezi wa Agosti, madirisha ya udahili wa uzamili yakiwa wazi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, dada wa hesabu. Mmefunga mwezi?"

"Tumefunga. Kaka, mwaka huu nataka kuanza masta. Nisaidie kuchagua."

Tulikutana Jumamosi Kirumba, nyumbani kwa mama yake, ambaye anauza dagaa pale mwaloni. Dada alikuja na bahasha yenye karatasi za njia tatu. Ya kwanza ilikuwa MBA pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kilichozaliwa mwaka 1998 kutoka kwenye taasisi ya mafunzo ya jamii ya Nyegezi. Ya pili ilikuwa shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha ya chuo cha umma, inayofundishwa jioni katikati ya jiji. Ya tatu ilikuwa ya chuo kimoja cha Uingereza, masomo yote kwa mtandao, ada kwa pauni. Hiyo ya tatu ilikuwa na mtetezi wake, mjomba aliyeko Dar es Salaam, ambaye kwake cheti kisichovuka bahari si cheti.

Kulikuwa na njia ya nne ambayo hakuiweka mezani mpaka nilipoiulizia: mtihani wa CPA(T), ule wa Bodi unaomfanya mtu awe mhasibu wa kitaaluma.

Kwa wasioufahamu mfumo wetu, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, imetokana na sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii chini kabisa, huingia ngazi ya kati. Dada aliimaliza ngazi ya kati bila shida kubwa. Ngazi ya mwisho ndiyo iliyomshika miguu, na alikuwa amebakiza mapepa mawili, la kodi na lile la taarifa za fedha za makampuni, lenye konsolidesheni, yaani kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, na marekebisho yasiyoisha. Hilo la pili alikuwa ameshalifeli mara mbili.

"Nimelichoka, kaka. Masta angalau ukiingia unatoka."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kukaa naye kirefu. Watu wengi wanaokimbilia uzamili wakiwa na mapepa ya bodi mkononi wanaukimbia mtihani kuliko wanavyoifuata shahada. Sio dhambi, ila ni vizuri mtu ajue anachokifanya kabla hajalipa ada.

Nikamuuliza cheti hicho akikipata atakipeleka kwa nani. Akatoa majibu matatu kwa mpigo: afundishe chuo kikuu, au awe meneja wa fedha palepale kiwandani, au aombe kazi serikalini. Tukayachukua moja moja.

La kufundisha ndilo lililokuwa moyoni mwake, na ndilo lililokuwa na tatizo ambalo hakuna aliyemwambia. Rafiki yake mwalimu alimhakikishia kwamba akipata alama nzuri kwenye uzamili, mlango wa uhadhiri umefunguka. Lakini vyuo vikuu vyetu, kwa kufuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, vinapotangaza nafasi ya mhadhiri msaidizi huangalia shahada zote mbili: GPA isiyopungua 4.0 kwenye uzamili, na isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Yeye shahada ya kwanza alitoka na 3.6. Ni daraja la pili la juu, wala hakuna wa kumcheka, lakini kwa tangazo la namna hiyo hata akipata 5.0 kwenye uzamili, ile 3.6 inabaki palepale. Alikaa kimya, kisha akafungua picha ya transkripti kwenye simu, kana kwamba namba ingekuwa imebadilika.

Nasema hivi kwa sababu kila mwaka nawaona vijana wakilipia uzamili kwa ndoto ya kufundisha bila kurudi kuitazama shahada ya kwanza. Kuna njia nyingine za kufundisha, kwa mfano madarasa ya maandalizi ya CPA, na huko anayesimama mbele huulizwa kwanza kama yeye mwenyewe ameifaulu.

La serikalini lilikuwa fupi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutenganisha Afisa Hesabu, anayeingia kwa shahada, na Mhasibu, anayetakiwa kuwa na CPA(T). Uzamili haumtoi mtu kwenye kundi la kwanza na kumwingiza la pili. Na kwa upande wetu wa ukaguzi ni hivyo hivyo: ripoti ya ukaguzi husainiwa na mhasibu aliyesajiliwa na Bodi kufanya kazi hiyo kwa umma, hata kama aliyekaa meza ya pembeni ana shahada tatu.

La kiwandani likachukua muda kidogo, maana meneja wa fedha wa sasa anakaribia kustaafu na dada anakitamani kile kiti. Tangazo la mara ya mwisho nafasi ile ilipojazwa alikuwa nalo kwenye simu. Lilisema CPA(T) ni lazima na uzamili ni sifa ya nyongeza. Nilimwambia alisome kwa sauti. Mama yake, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni huku masikio yote yakiwa kwetu, akaingilia.

"Hiyo CPA ndiyo nini? Ina joho?"

"Inalo, mama. Bodi wanafanya mahafali kabisa, Bunju, watu wanavaa joho na wazazi wanaalikwa."

"Basi kumbe ni shule."

Msidharau swali la joho. Nusu ya shinikizo la kwenda uzamili huku kwetu linatoka nyumbani, kwa watu waliouza samaki na pamba ili mtoto asome, na wanataka kuona picha ya kutundika sebuleni. Mama huyu alipojua kwamba mtihani wa Bodi nao una sherehe yake, upinzani wake uliisha papo hapo.

Baada ya hapo tukaingia kwenye fedha, na hapa ndipo kisa kilipogeuka. Nilimwomba karatasi ya mshahara. Mshahara wa msingi ni shilingi 1,150,000. NSSF asilimia 10, sawa na 115,000. Kodi ya mshahara inakokotolewa kwenye 1,035,000 inayobaki, kwa viwango vinavyoanzia asilimia 8 kwa kinachozidi 270,000 na kuishia asilimia 30 kwa kinachozidi milioni moja, anakatwa 138,500. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyomsomesha, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 172,500. Anaondoka na 724,000. Toa kodi ya nyumba Buswelu, chakula, nauli, matumizi ya mdogo wake aliyeko chuo na mchango wa kikoba, mwezi mzuri unamwachia 150,000.

Ada ya ule uzamili wa jioni ilikuwa 5,600,000 kwa mihula minne, yaani 1,400,000 kila muhula. Miezi sita ya kuweka 150,000 ni 900,000. Kila muhula ungemkuta ana upungufu wa nusu milioni, na hapo bado hajachapisha tasnifu wala kulipa nauli ya kukusanya data. Mpango wake ulikuwa kukopa kikoba, tena kila muhula.

Nikamuuliza deni la Bodi ya Mikopo limebaki kiasi gani. Akaangalia: 2,415,000. Gawanya kwa 172,500. Ni miezi 14 kamili. Kutoka Agosti ile, miezi 14 inaangukia Oktoba ya mwaka unaofuata, wakati wanafunzi wapya wa uzamili wanaanza kuripoti. Kuanzia hapo, 150,000 yake inakuwa 322,500, na miezi sita inatoa 1,935,000. Ada inalipika bila kumpigia mtu magoti, na nauli ya utafiti ipo.

Yeye ni mhasibu, anafunga hesabu za kiwanda kinachouza nje kwa dola na yuro, lakini hesabu hiyo hakuwahi kujipigia. Sote tuko hivyo. Za tajiri tunazifunga kwa wakati, zetu tunazibeba kichwani.

Kalenda nayo ilisema jambo lake. Kiwanda kinafunga mwaka Desemba. Tarehe 7 ya kila mwezi ni kodi ya mishahara na tozo ya ufundi stadi, tarehe 20 ni ritani ya VAT. Wakaguzi wa nje wanakuja baada ya mwaka mpya na kuondoka kuelekea Mei, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inasubiri mwisho wa Juni. Kwa hiyo mtihani wa Mei unamkuta amezama kwenye majedwali ya wakaguzi, na haishangazi kwamba mara zote mbili alizofeli ilikuwa Mei. Novemba ni mwezi wenye nafasi kwake, na usajili wa Novemba ulikuwa haujafungwa.

Kuhusu programu zenyewe, niliomba mihtasari ya masomo, siyo vipeperushi. Kipeperushi cha uzamili kinafanana popote uendapo: picha ya jengo, watu wanne wanaocheka na kompyuta. Muhtasari wa masomo ndio unaosema ukweli. Na kwa mtu anayefanya kazi kwenye ufuo huu wa ziwa nina maswali yangu ya kuupimia.

La kwanza linahusu samaki. Sangara aliyevuliwa ziwani na kununuliwa na kiwanda ni bidhaa ya stoo, anafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoo, IAS 2, na ugumu wake uko kwenye gharama: kilo mia za samaki mzima zinatoa minofu, mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) na mapanki (mifupa inayobaki), vitatu vyenye bei tofauti kabisa, na mtu lazima aamue gharama ya ununuzi inagawanywaje. Kampuni jirani inayofuga sato kwenye vizimba iko kwenye dunia nyingine. Samaki aliye hai ndani ya kizimba ni mali hai chini ya IAS 41, kiwango cha kilimo na ufugaji, anapimwa kwa thamani ya soko kutoa gharama za kuuza, na akivuliwa tu anahamia stoo. Samaki wa ziwa moja, viwango viwili. Samaki wa porini hawaingii IAS 41 kwa sababu hakuna anayesimamia kukua kwao. Programu ya uzamili wa uhasibu ambayo mratibu wake hawezi kukuambia ni somo gani linagusa suala hili, hapa Mwanza ina kasoro.

La pili ni IFRS 18, kiwango kinachochukua nafasi ya IAS 1 kwa vipindi vinavyoanza Januari 2027 na kubadilisha mpangilio wa taarifa ya faida na hasara. Tanzania tuko ndani ya IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, tangu 2004, kwa hiyo kinatuhusu moja kwa moja. Anayeanza uzamili sasa atamaliza kiwango hiki kikitumika. Muhtasari usiokitaja umeandikwa zamani na haujaguswa.

La tatu ni kodi ya muuzaji nje. Bidhaa zinazouzwa nje zinatozwa VAT ya asilimia sifuri, kwa hiyo kiwanda kinacholipa VAT kwenye umeme, maboksi na vipuri kinaishia kuidai TRA badala ya kudaiwa. Kudai marejesho hayo na kuyapata ni kazi ya kitaalamu, na tajiri wa kiwanda anamthamini mtu anayeijua kuliko mtu mwenye herufi nyingi nyuma ya jina.

Kwa vipimo hivyo, MBA ilishuka. Sina ugomvi na MBA. Kwa mtu anayehama kutoka dawati la hesabu kwenda kuongoza kampuni nzima, kusoma masoko, rasilimali watu na mikakati kuna maana yake, na angekuwa na miaka 40 na CPA mkononi ningempeleka Malimbe mwenyewe. Lakini kwa afisa hesabu anayetaka kiti cha meneja wa fedha, sehemu kubwa ya MBA ingempa vitu ambavyo hakuna anayemuuliza kwa sasa, na vichache vya kumsaidia kwenye lile pepa lililomshinda. Uzamili wa uhasibu na fedha ulikuwa na somo la juu la taarifa za fedha muhula wa kwanza, kodi muhula wa pili, na tasnifu.

Ya Uingereza niliipitia haraka. Ada kwa pauni kwa mtu anayelipwa kwa shilingi ni hatari ya fedha za kigeni ambayo hana namna ya kuikinga. Pia cheti cha nje, ukitaka kitambulike hapa, kinapitia TCU kwa tathmini, na swali la kama chuo na namna yake ya kufundisha vinatambuliwa huulizwa kabla ya kulipa. Mjomba akitaka kuichangia, azungumze na mpwa wake.

Kwa wanaochagua vyuo vya ndani kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Vyuo vikuu kama SAUT, Mzumbe na Chuo Kikuu Huria viko chini ya TCU. Vyuo kama IFM, TIA, CBE na Chuo cha Uhasibu Arusha viko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na uzamili wao huitwa NTA ngazi ya 9. Hakuna ulio wa daraja la chini kwa sababu hiyo. Cha kukagua ni kama programu husika, katika kituo kile kile utakachosomea, imeidhinishwa. Chuo kuwa na kibali Dar es Salaam au Morogoro ni habari njema kwa walioko Dar es Salaam na Morogoro.

Jambo lingine niliwaachia waliomtangulia walijibu. Nilimtuma awatafute wahitimu wawili wa ile programu ya jioni na awaulize swali moja tu: tasnifu ilichukua muda gani kutoka siku ya kupewa msimamizi. Masomo ya darasani karibu kila mtu anayamaliza. Wanaobaki njiani hubaki kwenye tasnifu, kwa msimamizi asiyejibu au mada isiyo na data. Alirudi na jibu ambalo halikumfurahisha, kwa mmoja wao ilichukua muda mrefu kuliko masomo yenyewe, na akaanza kutafuta mada mapema. Amechagua gharama za uzalishaji kwenye viwanda vya minofu, kitu ambacho data yake anailalia na kuamkia, mradi apate ruhusa ya maandishi ya kuitumia.

Ushauri wangu ulikuwa huu: jisajili Novemba kwa mapepa yote mawili, ahirisha uzamili mwaka mmoja mpaka deni la Bodi ya Mikopo liishe, kisha uingie ule wa jioni. Alifuata sehemu kubwa. Novemba alifanya mitihani. Matokeo ya Januari yakaja na kodi amefaulu, lile la taarifa za fedha amekosa kwa alama chache. Mei hakufanya, wakaguzi walikuwa ofisini. Likabaki pepa moja, Novemba nyingine, mwezi uleule ambao muhula wa kwanza wa uzamili ungekuwa umepamba moto.

Mimi nilitaka aahirishe tena. Yeye akakataa.

"Kaka, konsolidesheni ndiyo inayonifelisha, na muhula wa kwanza wanaifundisha. Nitaisoma mara moja niifanyie mitihani miwili."

Bado naona ni mzigo mzito kwa mtu anayefunga mwezi kila mwezi, na nimemwambia. Lakini hoja yake ina uzito, hasa kwa mtu aliyekuwa akijisomea peke yake usiku bila mwalimu wa kumuuliza. Makato ya Bodi ya Mikopo yamekwisha, ada ya muhula wa kwanza ameilipa kwa fedha yake. Tumeandika pamoja barua ya kuomba atoke kazini saa kumi siku tatu kwa wiki. Tajiri amempa siku mbili, na isiwe wiki ya ritani.